Mwenyekiti wa tamthilia: kipindi cha 3 anachukiwa, kipindi cha 9 amekuwa malaika. Nianzie wapi kumrekebisha?

Mwandishi_Dunda

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaoandika tamthilia za wahusika wengi.

Andiko ni la vipindi 13, kila kimoja dakika 24, sini 14 kwa kipindi. Mahali ni mwalo wa wavuvi ukishapita Kaole, na shutingi yote itafanyika hapa hapa Bagamoyo. Wahusika wakubwa ni wanane. Nahodha Mshangama ni mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wanajamii cha kusimamia uvuvi mwaloni, na bado anakwenda baharini. Bi Tatu anakaanga samaki na ndiye mhazini wa kikundi. Seif ni mpwa wa Nahodha, mvuvi kijana. Zaina ni binti wa Nahodha, analima mwani. Mzee Kingwaba ni fundi wa majahazi. Chande ni dalali wa mnada. Salum ana boti mbili za mashine na ndiye anayeuza barafu. Rehema ni afisa uvuvi kutoka halmashauri.

Mshangama ni jasiri. Ndiye aliyesimama mbele ya wapiga baruti, wale wanaovua kwa milipuko, wakati wengine wamejifungia ndani. Lakini kipindi cha 3 kokoro (wavu haramu wa kukokota) la mpwa wake linakamatwa usiku, naye analificha jambo hilo, kisha anaamuru nyavu za mvuvi mwingine zichomwe ili aonekane hana upendeleo. Kipindi cha 9 anasimama mnadani, analia, anawaomba radhi watu wote. Kuanzia hapo ni mtu mwema.

Waliosoma wamesema mambo matatu. Kipindi cha 3 wanamchukia kiasi cha kutotaka kumfuata tena. Baada ya cha 9 hawana hamu naye, maana hana tena la kukosea. Na wale saba wengine wanafanana: wanaingia, wanamuuliza Nahodha tufanyeje, wanatoka.

---

Mhariri_wa_Andiko

Anzia kipindi cha 1. Cha 3 kinaumwa, lakini ugonjwa uliingia mapema.

Umempa Mshangama ushujaa upande mmoja na upendeleo kwa mpwa upande wa pili, na hayo mawili hayana undugu. Ndiyo maana kosa linapokuja mtazamaji analiona kama ubaya uliokuwa umefichwa, na ule ushujaa wote anauhesabu kuwa uongo. Tafuta tabia moja inayozaa sifa na kosa kwa pamoja. Kwa nahodha iko wazi: amezoea kuamua peke yake. Chomboni ndivyo inavyotakiwa. Upepo ukigeuka hakuna kikao. Nahodha akisema tanga lishuke, linashuka, na anayebisha anawazamisha wenzake. Nchi kavu, penye fedha za kikundi na riziki za watu, tabia hiyo hiyo ndiyo inayovunja.

Basi sini ya 3 ya kipindi cha 1 iwe baharini, wakati wa kusi. Mashua ina watu sita, imeingiza maji, na jarife la Salum, wavu mkubwa, limejaa na linaivuta upande. Mtu mmoja anasema tumuulize mwenyewe kwa simu. Mshangama anajibu, "Nitamaliza mimi," anakata kamba, jarife linakwenda chini, watu sita wanarudi hai. Mwalo mzima unamshangilia. Salum peke yake anauliza jarife langu analipa nani, na kila mtu anamwona mchoyo. Mtazamaji naye amwone mchoyo. Deni hilo liache hapo hapo, lisitajwe tena mpaka mwisho wa msimu.

Sasa kipindi cha 3. Tofauti kati ya chomboni na ufukweni ni muda, kwa hiyo uonyeshe muda. Kokoro likutwe alfajiri, kikao kiwe saa 10 alasiri. Katikati weka sini tatu ambazo kila moja inampa nafasi ya kusema kweli. Bi Tatu anamletea chai na kumuuliza mbona yuko kimya. Rehema anapiga simu kuuliza kama kuna aliyeonekana. Seif mwenyewe anataka kwenda kujisalimisha, na mjomba wake anamzuia: "Nyamaza. Nitamaliza mimi." Maneno yale yale ya kipindi cha 1. Mtazamaji hatamchukia tena kwa namna ile ya kuzima televisheni. Ataanza kumwogopea, na anayemwogopea mhusika anarudi wiki ijayo.

Jambo la kuchoma nyavu liondoe. Kokoro ni haramu kwa Kanuni za Uvuvi za 2009, lakini zana iliyokamatwa ni kielelezo, na kwa kawaida kuteketezwa kwake husubiri amri ya mahakama. Mwenyekiti wa BMU hawashi moto kwa amri yake, na watazamaji wa pwani watakukamata hapo hapo. Badala yake afanye jambo dogo zaidi na baya zaidi: kokoro limekutwa ufukweni bila mtu, Rehema ana fomu mkononi, anauliza ni la nani, na Mshangama anataja jina. Jina tu. Sini isizidi ukurasa mmoja, na picha ibaki kwenye kalamu ya Rehema inapoandika.

Na jina hilo lisiwe la "mvuvi mwingine". Huyo hayumo kati ya wanane wako, kwa hiyo kuumia kwake hakumgusi yeyote tunayemjua. Liwe la Juma, mdogo wake Bi Tatu, ambaye zamani aliwahi kutozwa faini kwa kokoro, hivyo uongo unakubalika haraka. Hapo mhazini anayemwamini Mshangama kuliko wote ndiye anayepigwa.

---

Bi_Pili_Magomeni

Naunga mkono hilo la Juma, na linafungua tatizo la tatu, la wale saba wasio na kazi. Hilo ndilo kubwa katika andiko hili, kuliko hata Nahodha mwenyewe.

Chukua karatasi kubwa. Mistari minane ya kulala, wahusika. Safu 13 za kushuka, vipindi. Vyumba 104. Kila chumba kina kitenzi kimoja tu: kipindi hiki huyu *anafanya* nini. Usiandike anahisi, anasikia wala anajua. Anauza, anaficha, anakopa, anakataa. Chumba kikikosa kitenzi kiache kitupu, usikijaze kwa kujipa moyo. Kisha tazama: mhusika mwenye vyumba vitatu vitupu mfululizo mtazamaji ameshamsahau, na mwenye kitenzi "anamuuliza Nahodha" zaidi ya mara mbili ni karani, hajawa mhusika.

Hesabu nyingine. Watu wanane wanafanya jozi 28. Ukimtoa Mshangama, zinabaki 21. Ziorodheshe zote 21, halafu weka alama kila jozi iliyokaa peke yake katika sini moja walau mara moja. Kwa maelezo yako naona Chande na Zaina hawajawahi kukutana. Salum na Mzee Kingwaba je? Mmoja ana boti za mashine, mwingine ndiye fundi wa mwisho wa vyombo vya tanga. Hao wawili wakikaa dakika mbili bila Nahodha, umeshapata mkondo mzima wa hadithi. Kila kipindi kiwe na sini nne hadi tano ambazo Mshangama hayumo wala hatajwi. Kwa jumla una sini 182. Yeye asizidi 65, na vipindi viwili, nashauri cha 6 na cha 10, awe na sini mbili tu katika kila kimoja. Kiongozi anajulikana zaidi watu wanapohangaika na alichoamua, yeye akiwa hayupo chumbani.

Mgawanyo wa sini 14 unaofanya kazi kwa dakika 24: sita za mkondo mkubwa wa kipindi, nne za mkondo wa pili, tatu za mkondo mdogo, na moja ya kuwakutanisha wote. Hiyo ya mwisho ndiyo nguzo. Hill Street Blues, tamthilia ya polisi ya Marekani iliyoanza 1981, ilijulikana kwa kusuka mikondo mingi ya watu wengi, na ilikuwa ikifungua kwa askari kukusanyika asubuhi kupangiwa kazi. Dakika chache tu, lakini mtazamaji ameshawaona wote na ameshajua nani hamtazami nani usoni. (Na mkuu wao, Furillo, alikuwa mlevi aliyeacha pombe, akiongoza huku akijilinda nafsi yake kila siku. Kosa lake halikuwa siri ya kufichuliwa. Lilikuwa mzigo anaotembea nao.) Wewe unao mnada wa samaki. Kila kipindi kianze nao, usizidi kurasa mbili, bila hotuba. Nani amesimama karibu na meza ya Chande, nani amejitenga na beseni lake, nani leo hakuja. Kipindi cha 4 Bi Tatu ahamishe beseni lake hatua kumi kutoka pale anapokaa siku zote. Hakuna haja ya mtu kulisemea.

Chande naye mpe ushahidi. Usiku kokoro lilipovutwa, Juma alikuwa baharini na wavuvi wa dagaa, kwenye taa. Alfajiri hiyo aliuza mnadani, na daftari la Chande lina jina lake, ndoo ngapi, bei gani. Chande analijua hilo tangu kipindi cha 3, na ananyamaza kwa sababu Mshangama ndiye aliyempa meza ya udalali. Kwa hiyo kosa la kiongozi limeingia ndani ya mtu mwingine na limekuwa kosa lake. Hapo ndipo tamthilia ya wahusika wengi inapoanza.

---

Mwandishi_Dunda

Bi Pili na Mhariri, ahsanteni sana. Jozi nimezihesabu: kati ya 21, tisa ndizo zilizokutana. Kumi na mbili hazijawahi kukaa pamoja.

Bado nakwama kipindi cha 9. Nikiondoa ile sini ya kulia mnadani, mtazamaji atajuaje kwamba amebadilika?

---

Mwalimu_wa_Jukwaa

Ndugu yangu, iondoe bila huruma. Kwanza haiaminiki: mzee wa pwani mwenye heshima zake hasimami kulia mbele ya madalali. Anatanguliza mtu. Pili, hotuba ya toba inamwezesha kiongozi kupokea tena kitu kutoka kwa watu, yaani huruma yao, wakati hajarudisha alichochukua. Juma jina lake bado liko kwenye fomu.

Kubadilika kwa mhusika kunapimwa kwa uamuzi, na uamuzi una bei. Panga bei hizo zipande. Mimi ningepanga hivi, ukitumia hayo waliyoyajenga wenzangu.

Kipindi cha 4 anakana, hata kwa nafsi yake. Anajiambia amelinda kikundi. Cha 5 analipa: anamnunulia Juma nyavu mpya kwa fedha yake, kimya kimya, na anaamini yameisha. Hii hatua waandishi wengi huiruka, na kuiruka ndiko kunakofanya toba ije ghafla. Mtu mwema aliyekosea hujaribu kwanza kulipa bila kukiri. Tena mwonyeshe ana furaha siku hiyo, anacheka na watoto ufukweni. Cha 7 Seif anamwambia Zaina siri hiyo, na Zaina anakuwa mtu wa kwanza kumkatalia baba yake jambo: hataki tena fedha zake za kununulia kamba za mwani. Cha 8 Rehema analiona daftari la Chande. Sasa Mshangama anajua atafichuliwa ndani ya siku mbili tatu.

Hapo pana mtego. Akikiri baada ya kujua atafichuliwa, hajakiri, amewahi tu. Kwa hiyo Rehema amwambie: "Nahodha, tarehe zimegongana, labda mimi ndiye niliyekosea kuandika. Nirekebishe?" Anampa mlango wa kutokea. Akikubali, Juma anasafishwa, Seif anapona, mwenyekiti anabaki mwenyekiti, na makosa ya kazi yanamwangukia Rehema peke yake. Kipindi cha 9 ni kuukataa mlango huo. Mshangama anakwenda ofisini kwa Rehema, anasema, "Hukukosea. Jina nililitaja mimi." Watu wawili ndani ya chumba, mlango umefungwa, na hakuna mtu wa mwalo anayeona.

Radhi ije baada ya hapo, na ije kwa desturi. Baada ya isha Mzee Kingwaba anakwenda nyumbani kwa Bi Tatu. Anaketi barazani, wanaulizana hali, watoto, bei ya mafuta ya kukaangia. Mshangama amesimama ng'ambo ya njia, kwenye giza la mwembe, anaona lakini hasikii. Mzee anafikisha ujumbe. Bi Tatu anaendelea kuchambua mchele kwenye ungo, kisha anasema, "Mwambie nimesikia." Hamwiti avuke. Mshangama anasubiri kidogo, anaondoka. Andika sini hiyo kurasa mbili kamili na usiikate kwa sini nyingine katikati.

Kuhusu uenyekiti, tumia kasha la fedha. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa huwa na kasha lenye kufuli tatu na funguo zikishikwa na watu watatu tofauti, ili mmoja asifungue peke yake. Mshangama kwa miaka yote anashika funguo mbili. Alishika ya pili "kwa muda" aliyekuwa nayo alipohama, na hakuna aliyeuliza. Mtazamaji azione funguo hizo kipindi cha 1, zimefungwa pamoja kwenye pindo la kikoi chake, akizifungua mwenyewe mbili kwa mpigo na Bi Tatu akisubiri zamu ya tatu. Hazihitaji kuelezwa. Kipindi cha 9 anapong'atuka, anazitoa zote mbili, na kidole chake kinapata tabu kuzitenganisha kwenye pete kwa sababu zimekaa pamoja mno. Picha ya karibu, sekunde nane, mikono tu.

Kisha kipindi cha 11 ateleze tena. Hili usiliogope. Tabia ya miaka thelathini haiishi kwa siku moja, na mtazamaji anajua hivyo kutoka nyumbani kwake. Ila kuteleza kwake kusiwe uongo wa aina ile ile, maana hapo utakuwa umefuta kipindi cha 9. Aseme kweli tupu, lakini aamue peke yake jambo ambalo si lake tena. Barafu imekwisha mwaloni, samaki wanaharibika, kikundi kinajadiliana bei na Salum. Mshangama anamwendea Salum usiku na kumaliza kwa neno lake. Asubuhi barafu ipo, na makubaliano ambayo Bi Tatu alikuwa akiyajenga siku nne yamevunjika.

Cha 12 mrudishe chomboni kwenye hali mbaya. Na hapo aamue peke yake, haraka, bila kumsikiliza mtu, na iwe sahihi. Ni muhimu sana. Ukimfanya aitishe kikao katikati ya mawimbi ili kuonyesha amejifunza, umemharibu. Tabia hiyo ina mahali pake, na sasa yeye mwenyewe anapajua. Kinachobadilika ni akifika pwani: kabla hajaulizwa anamfuata aliyepata hasara na kumwambia nimetupa kitu chako, thamani yake kiasi hiki, nitalipa hivi. Na akiwa pale pale analipa pia lile jarife la Salum la kipindi cha 1.

---

Mkonge_Tanga

Nawasoma kutoka Tanga. Nakubaliana na mengi, ila sikubali kwamba ni lazima kiongozi abadilike. Kinjeketile, igizo la Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji lililotoka 1969, linamweka mbele yetu kiongozi aliyewaunganisha watu kwa neno, kisha neno lile likamponyoka: anataka wangoje, wao hawangoji, na mwishoni mikononi mwa Wajerumani anakataa kuyakana maji yale. Hakui kwa maana ya kurekebishika. Wanaomzunguka ndio wanaobadilika, na igizo lina nguvu hadi leo. Mshangama anaweza kubaki vile vile hadi cha 13, mwalo ukajifunza kuishi bila yeye.

---

Mwalimu_wa_Jukwaa

Ndugu wa Tanga, hoja yako ni nzito, na kwa igizo la jukwaani la saa mbili ningeipokea nzima. Mtazamaji wa jukwaani amekaa, hatoki, anaweza kubeba mtu asiyebadilika hadi taa zizimwe. Wa vipindi 13 anaachwa wiki nzima kati ya kimoja na kingine. Akigundua katika cha 6 kwamba huyu mtu atafanya lile lile kila mara, anaacha. Kama Dunda anataka njia yako, basi maarifa ya mtazamaji juu ya Mshangama yabadilike kila vipindi viwili hata kama yeye habadiliki: kwa mfano cha 6 tujue ni nani aliyewahi kufa chomboni kwa sababu nahodha alisita. Mtu yule yule, lakini sisi tunamwona upya. Inawezekana, na ni ngumu zaidi kuandika.

---

Kamera_Kaole

Niongeze ya shutingi, kwa sababu mabadiliko haya ya hatua ndogo ndogo yanapotea yote ukifika lokesheni bila mpango.

Sini 182 kwa wastani wa saba kwa siku ni siku 26. Hakuna atakayeshuti kwa mfuatano. Mtashuti kwa mahali. Maana yake sini zote za baraza la Bi Tatu, za kipindi cha 2, cha 4 na cha 9, zinakwenda siku moja. Mwigizaji wa Mshangama atamwamini Bi Tatu saa 3 asubuhi na kumwogopa saa 5. Bila karatasi atacheza wastani wa vyote viwili, na wastani huo ndio unaofanya mhusika aonekane hakukua. Mtengenezee jedwali lake peke yake: kila sini, andika ana funguo ngapi, nani anajua siri, yeye anadhani nani anajua, na mara ya mwisho alilala wapi. Mambo manne, mstari mmoja. Mwongozaji alisome kwa sauti kabla ya kamera kuwaka. "Huzuni kidogo" au "ana majuto" ni maelekezo yasiyochezeka. "Funguo mbili, Chande anajua, wewe hujui kama anajua" mwigizaji anaweza kuyafanyia kazi. Bagamoyo hatuna upungufu wa waigizaji wanaoweza kusoma jedwali kama hilo, TaSUBa, chuo cha sanaa, iko hapa hapa mjini. Wape mapema, walau wiki mbili kabla, wala msisubiri asubuhi ya kazi.

Funguo ziwe seti mbili zinazofanana, na mtu mmoja wa mwendelezo apige picha ya kiuno cha Mshangama kila baada ya sini. Pindo la kikoi likiwa na uvimbe katika sini ya kipindi cha 10, mmebomoa cha 9.

Maji. Ufukwe wetu ukipwa unakwenda mbali sana, na maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Sini ya mnada mliyoanza Jumatatu saa 4 asubuhi maji yakiwa yamepwa, mkitaka kuiendeleza Jumatano hali hiyo mtaipata karibu saa 5 na dakika 40, na jua limeshapanda, vivuli havilingani. Kwa hiyo minada yote 13 pangeni katika siku zinazofuatana chache, au rudini baada ya wiki mbili hivi maji yanaporudi saa zile zile. Msichanganye bamvua (maji yanayojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanayojaa na kupwa kidogo) katika sini moja. Hata mtoto wa Dunda ataona vyombo vimehama.

Na ule usiku wa kokoro uwe wa mwezi giza. Bi Pili ameweka wavuvi wa dagaa kwenye taa, na wavuvi hao huhitaji giza. Mwezi mpevu ukionekana juu ya kokoro la Seif, ushahidi wa Juma unakosa maana kwa kila anayejua kazi hiyo. Hali hiyo hiyo inawasaidia: taa za dagaa zionekane mbali nyuma ya Seif anapovuta. Ushahidi uko ndani ya picha tangu mwanzo, na hakuna anayeugusa mpaka cha 8.

---

Mwandishi_Dunda

Nimefuata mpango wa Mwalimu, na hoja ya ndugu wa Tanga nimeihamishia kwa Salum: yeye habadiliki, ila tunamjua upya. Taa za dagaa nyuma ya Seif zimeingia.

Swali la mwisho. Cha 10 Mshangama ana sini mbili tu na Bi Tatu ndiye mwenyekiti. Nimeandika kikundi kinatulia, hesabu zinakaa sawa, watu wana furaha. Nahisi kipindi kimelala.

---

Bi_Pili_Magomeni

Kimelala kwa sababu umemfanya Bi Tatu awe jibu la tatizo. Amekuwa yule malaika uliyemtoa kwa Mshangama, umemvisha yeye. Mpe kosa lake, na lichimbe pale pale penye sifa yake kama Mhariri alivyosema. Sifa yake ni hesabu: hakuna shilingi inayompita. Ameshaumizwa na mtu aliyeamua bila kuuliza, kwa hiyo sasa kila jambo linapita kikaoni, kila mtu atie saini, na asiyekuwepo asubiriwe. Inaonekana haki kabisa, na mwanzoni watu wanampenda kwa hilo.

Sini ya 6 ya kipindi cha 10: Salum ana tani moja ya barafu kwa bei nzuri, lakini anataka jibu kabla ya adhuhuri. Wanachama wawili wako baharini, na Bi Tatu anakataa kuamua bila wao. Wenye funguo wapo, sheria ya kikundi inamruhusu, na hafungui. Barafu inauzwa kwingine. Jioni Zaina anaosha samaki walioanza kulegea macho, hamlaumu mtu, anapunguza bei tu, beseni baada ya beseni, na Chande anaandika.

Sasa kuteleza kwa Mshangama katika cha 11 kuna sababu ambayo nusu ya watazamaji wataikubali, na hasira ya Bi Tatu ina sababu ambayo nusu nyingine wataikubali. Seif na Zaina watagawanyika hapo pia, usiwaache upande mmoja. Rudi kwenye karatasi ya vyumba 104, futa safu yote ya cha 10 kasoro sini mbili za Nahodha, na uanze kuijaza na hiyo sini ya 6. Zilizobaki zitajipanga kwa kuuliza nani alipata hasara ya samaki wale.